Kapu la mboga kutoka Mgeta kila Jumamosi: mwaka wa pili huu, naeleza tulichokiona

Mama_Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna ndugu aliuliza juzi ana sababu gani ya kuletewa mboga za kilimo hai (kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za kiwandani) nyumbani wakati genge liko mlangoni, tena la mama anayemjua na kumkopesha. Swali lake ni la haki kabisa. Nilianza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikaona bora nilifungulie uzi wake.

Sisi ni kaya 23 za Tabata, Segerea na Kimara, hapa Dar es Salaam. Mwanzo wa mwezi kila kaya inalipa, na kila Jumamosi asubuhi inachukua kapu moja la mboga za wakulima tisa wa Mgeta, kule juu milima ya Uluguru. Wanavuna Ijumaa mchana, gari linashuka Morogoro jioni, alfajiri liko Tabata. Chainizi ninayopika Jumamosi mchana, jana yake saa kama hizo ilikuwa bado inanyonya udongo.

Nieleze nilivyoingia. Nilikuwa ninapita Jangwani kwenye daladala, mtoto mapajani, nikaona kijana anamwagilia matembele kwa maji ya Mto Msimbazi yaliyokuwa meusi. Matembele mazuri, yamenawiri. Jioni ile nilinunua fungu la matembele genge la jirani na nikashindwa kulipika, kwa sababu sikuwa na njia ya kujua limetoka wapi. Muuzaji mwenyewe hakujua. Aliyemuuzia hakujua. Watafiti walishapima mboga zinazolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi tangu miaka ya 1990 wakakuta madini mazito, risasi ikiwemo. Na risasi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haiondoki kwa kuosha mboga kwa chumvi wala siki. Siwalaumu wanaolima pale, wanatafuta riziki kwenye ardhi waliyoipata. Ninachosema ni kwamba mimi mpishi nilikuwa ninawalisha wanangu kitu nisichokijua.

Basi nilidhani faida ya kapu itakuwa hiyo tu, mboga safi. Mwaka mmoja baadaye naona kuna jambo kubwa kuliko hilo, na ndilo lililonifanya niandike. Mkulima hapigi dawa kwa sababu ana roho mbaya. Anapiga kwa hofu. Nyanya yake ikiwa na doa, dalali anaikataa. Kabichi ikiwa na tundu, inashushwa bei mpaka haifidii hata nauli. Hajui atauza kwa nani wala kwa bei gani, anajua tu kwamba mtu wa sokoni ananunua kwa macho. Sasa mpe mtu huyohuyo kaya 23 zilizokwisha kulipa, zinazojua jina lake, ambazo hazikimbii jani lenye tundu. Hofu inapungua, na bomba la dawa linapumzika. Uhakika wa soko ndio unaomwezesha mtu kulima kilimo hai. Mafunzo peke yake hayatoshi.

Karibuni tujadili. Mwenye swali aulize.

Fundi_wa_Ubungo

Dada umeandika vizuri ila tuongee hela. Kapu shilingi ngapi? Mimi nina watoto wanne, gengeni natoka na buku mbili nimepata mchicha, nyanya, kitunguu na hoho ya kuungia.

Mama_Tabata

Mkuu, kapu ni 20,000, linakuwa na kilo saba hadi nane. Kwa hiyo 80,000 kwa mwezi. Sitasema ni rahisi, kwa sababu si rahisi kwa kila mtu. Buku mbili kwa siku ni 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo wewe ungeongeza kama 20,000, na vitunguu maji bado ungevinunua gengeni kwa sababu wakulima wetu hawavilimi kwa wingi.

Lakini hesabu yangu mwenyewe ilikuwa tofauti na nilivyodhani. Nilikuwa ninanunua mboga mbili, moja inanyauka kabla sijaipika. Mchicha uliovunwa juzi, ukaanikwa juani siku nzima, ukanyunyiziwa maji ili uonekane mbichi, ukifika jikoni unaoza usiku huohuo. Na vitamini C ya mboga za majani inapotea haraka kwa joto na jua, kwa hiyo hata usipoitupa unakula pungufu. Chainizi ya kapu inadumu mpaka Jumatano ikiwa bado ngumu. Situpi kitu.

Kuna kaya kwetu zinagawana, kapu moja kwa kaya mbili. Inaruhusiwa.

Fedha inakwenda hivi: 13,000 kwa mkulima, 5,000 usafiri, 2,000 kwa dada wawili wanaopanga na kugawa. Kila mwanachama anaona mahesabu kwenye kundi la WhatsApp.

Mkulima_Nyandira

Salaam kwenu wote. Mimi ni mmoja wa hao tisa. Mama Tabata ameniomba niseme upande wa shamba.

Kabla ya kapu nilikuwa ninauza karoti kwa gunia. Na gunia lenyewe si gunia, ni lumbesa. Linajazwa, halafu linashonewa kilemba juu, mnunuzi analipa bei ya gunia moja anabeba moja na nusu. Serikali imekataza, kipimo mwisho kilo 100, Wakala wa Vipimo wanasema kila mwaka. Lakini jioni mvua inakuja, gari ni moja, karoti zimeshang'olewa. Utabishana na nani? Unauza.

Kwa kapu nauza kwa kilo. Bei tunakubaliana kabla sijasia mbegu. Mwezi wa pili wa kapu ndipo nilipolipa deni la mbegu la msimu uliopita, ambalo nilikuwa nalo kwa dalali, na deni hilo ndilo lilikuwa linanilazimisha nimuuzie yeye kwa bei aitakayo yeye. Hilo watu wa mjini hawalioni. Mkulima akikopa mbegu na dawa kwa mnunuzi, shamba si lake tena.

Kuhusu dawa. Kwenye nyanya adui yetu ni kantangaze. Aliingia nchini 2014, ni nondo mdogo, funza wake anaingia ndani ya jani na ndani ya tunda, na ukimwona umeshachelewa. Mimi nimewahi kupiga dawa mara mbili kwa wiki, nachanganya mbili tatu kwenye bomba moja, kifua kinabana usiku. Kibandiko cha dawa kimeandika usivune mpaka zipite siku kadhaa. Bei ikiwa nzuri Jumatatu, nani atasubiri mpaka Ijumaa ya pili? Nasema ukweli, tulikuwa tunavuna.

Siku hizi nyanya nimepunguza. Nalima kidogo, napokezanisha na karoti, njegere na vitunguu majani ili wadudu wasizoee sehemu moja. Kufukuza wadudu natumia majani ya mmea wa utupa, pilipili na sabuni ya kipande. Mwarobaini haukubali baridi ya huku juu, majani tunayatoa Morogoro. Mbolea ni mboji na samadi ya mbuzi wa maziwa, wale waliokuja huku kwetu kupitia SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, miaka ya 1980. Mbuzi anakaa bandani, anakula majani ya kwenye kingo za matuta, samadi inarudi shambani.

Haikuwa rahisi. Msimu wa kwanza kabichi zangu nusu ziliharibika. Kama si zile fedha za kapu zilizotangulia ningerudi kwenye dawa wiki ileile.

Nauliza_Tu

Mnajuaje kama kweli hawapigi dawa? Siku hizi kila mtu anaandika organiki kwenye kibandiko. Nimewahi kununua dukani nyanya za bei mara tatu zimeandikwa hivyo, nilipouliza cheti muuzaji akakasirika.

Mama_Tabata

Hapo ndipo penye moyo wa jambo lenyewe, asante kwa kuuliza.

Afrika Mashariki tuna kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Hapa Tanzania inasimamiwa na TOAM, chama cha kilimo hai kilichoanzishwa 2005. Sasa kupata cheti kwa kampuni ya ukaguzi ni gharama kubwa, mkulima wa robo ekari hawezi. Kwa hiyo kuna utaratibu wa kikundi, wakulima wanakaguana wao kwa wao. Kila shamba linatembelewa na wenzake, wanaandika, wanasaini, na mmoja akikutwa amepiga dawa ya kiwandani anawaponza wote. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko cheti cha ukutani, maana jirani anaona chupa ya dawa ilipotupwa.

Halafu sisi walaji tunapanda kule mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza nilipanda na viatu vya kanisani, nikarudi peku. Niliona mashamba yamesimama kama ngazi mlimani, nikaona mtu anavyobeba tenga kichwani kwenye njia ambayo mimi nilitambaa. Tangu siku ile sijawahi kutupa shina la karoti.

Na lazima niseme wazi: kilimo hai hakiondoi tatizo la maji machafu. Mtu anaweza kulima bila dawa hata moja lakini anamwagilia maji ya mfereji wa kiwanda. Ukianzisha kapu lako, uliza dawa, kisha uliza maji.

Genge_la_Kona

Mimi nina genge huku Kimara mwaka wa tisa. Nimesoma tangu juu. Mmesema dalali, mmesema mkulima, mmesema mlaji. Sisi tuko wapi? Wateja wangu wanne wamehamia kwenye makapu kama hayo. Ninaamka saa tisa usiku kwenda soko la Mabibo, ninarudi na bajaji, ninawakopesha watu mpaka mwisho wa mwezi. Wakati wa korona mimi ndiye niliyewakopesha watu wa mtaa huu. Kapu linakopesha?

Mama_Tabata

Dada yangu, shikamoo. Umenigusa, na sitakujibu haraka haraka.

Kapu halikopeshi. Ni kweli. Na kweli nyingine ni kwamba wewe unauza fungu la mia tano kwa mtu mwenye mia tano, na kapu haliwezi hilo.

Kwetu Tabata jambo hili lilizungumzwa mwezi wa nne, tukamwendea mama wa genge letu, yule anayenikopesha hata mimi. Tulichokubaliana: makapu yanashushwa kwake, si kwa mtu mwingine, na yeye ndiye mmoja wa wale dada wawili wanaogawa. Anapata sehemu ya ile 2,000. Mboga zilizozidi wakulima wanamwachia kwa bei ya shambani, anaziuza kwa mafungu. Wateja wake wengine wameanza kumuuliza "zile za Mgeta zipo?" Nyanya, vitunguu, tangawizi, nazi na ndimu bado tunanunua kwake.

Haijawa kamili, lakini kapu linalomruka muuza genge nadhani limekosea. Kama uko tayari, njoo inbox tukuunganishe na kaya za Kimara, wao bado wanashushia getini kwa mtu.

Genge_la_Kona

Marahaba mwanangu. Nitakuja.

Jirani_wa_Thika

Wapendwa, nasoma nikiwa Kenya. Kwetu shida ilikuwa sukuma wiki. Kapu la kwanza sukuma, la pili sukuma, la tatu watoto wakagoma. Tukaketi na wakulima tukawaambia walete mboga za kienyeji: managu, terere, saga, kunde. Wao walikuwa wanazikata kama magugu ama kuzila wenyewe, wakidhani mtu wa town hazitaki. Mboga hizo zinastahimili kiangazi na wadudu kuliko kabichi, na zina madini ya chuma kwa wingi. Managu ukiipika na maziwa, ule uchungu unatulia.

Alama ya Kilimohai hata huku inatumika, ni ileile moja.

Mama_Tabata

Karibu sana jirani. Managu ndiyo mnavu wetu, na saga ni mgagani. Bibi yangu alikuwa anaupika mgagani kwa karanga na maziwa mgando, nilikuwa sijaula tangu afariki. Ulipoingia kwenye kapu mara ya kwanza nilikaa chini jikoni. Wanangu sasa wanaujua, na hilo peke yake lilinilipa.

Msomi_wa_Lyon

Ndugu zangu, mimi niko Ufaransa. Huku jambo hili lina mfumo unaoitwa AMAP, ulianza 2001 kusini mwa nchi. Mlaji anasaini mkataba wa msimu mzima, analipa mbele, na mvua ya mawe ikiharibu saladi anapokea kapu dogo bila kudai. Hatari inagawanywa. Wazo lenyewe lina mizizi Japani, miaka ya 1970, akina mama walioogopa dawa kwenye chakula waliwafuata wakulima wenyewe, wakauita mpango huo teikei.

Swali langu kwa mleta uzi: kwenu kapu likipungua, mlaji anakubali?

Mama_Tabata

Kumbe nako walioanza ni akina mama!

Kwetu tuliandika hivi: wakulima wakipata hasara ya mvua au wadudu, kapu linaweza kushuka mpaka kilo tano na hakuna kurudishiwa fedha. Wakizembea, wanafidia wiki inayofuata. Masika ya mwaka huu kapu lilishuka mara tatu. Kaya mbili ziliondoka, nne mpya zikaingia. Sijui nilitegemea nini, lakini siku ile kapu lilikuja na karoti na majani ya maboga tu, watu wengi waliandika "pole wakulima" kabla ya kuuliza chochote.

Mstaafu_wa_Maji

Naomba niongeze ambalo hamjalisema. Nilifanya kazi ya maji miaka mingi. Dar es Salaam kwa sehemu kubwa inakunywa Mto Ruvu, mitambo iko Ruvu Juu na Ruvu Chini. Ruvu inaanzia Uluguru, na Mto Mgeta unaingia humohumo. Udongo ukimomonyoka kule juu, tope linakuja kwenye mitambo ya huku chini. Dawa zikimwagwa kule, zinatiririka huku. Kwa hiyo mlaji wa Tabata anayemlipa mkulima wa Mgeta atunze udongo, analipia pia maji ya bomba lake mwenyewe.

Wazee mtakumbuka, Mwingereza aliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwa amri. Mwaka 1955 watu waligoma, zikatokea ghasia, mpango ukafa. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya. Ubaya ulikuwa kumchosha mtu kwa jembe la bure bila kumpa faida. Mgeta matuta yalidumu kwa sababu mboga zililipa.

Mkulima_Nyandira

Mzee, shikamoo. Babu yangu alikuwa analisimulia hilo. Alikuwa anasema jembe la kuamriwa lina uzito mara mbili. Mimi mwaka huu nimeongeza matuta manne, kingo nimepanda majani ya mbuzi, mvua ya Aprili haikunichukulia udongo kama ilivyomchukulia wa chini yangu. Yeye ameomba kuingia kwenye kikundi, tutamkagua baada ya mavuno.

Fundi_wa_Ubungo

Nimesoma yote. Nikichukua nusu kapu, nahifadhije? Friji yangu imekufa.

Mama_Tabata

Usihangaike na friji, mkuu. Mboga za majani usizioshe zikifika. Toa yaliyopondeka, funga kwenye kitambaa cha pamba kibichi kilichokamuliwa, weka pasipo jua. Karoti kata majani yake siku hiyohiyo, maana yakibaki yanainyonya maji. Njia bora kuliko zote ni chungu ndani ya chungu: chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa, jaza mchanga katikati, lowesha mchanga asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka penye upepo. Siku za joto la unyevu kama Februari hakifanyi kazi sana, lakini Juni mpaka Oktoba kinanifikisha Ijumaa. Vyungu tafuta kwa wafinyanzi, na hakikisha havijapakwa rangi.

Anza na nusu. Mambo yakiwa magumu mwezi ukipita, unasimama, hakuna atakayekudai.

Fundi_wa_Ubungo

Niandike, nusu kapu. Nitakuwa nalichukua Segerea, nina kazi pale kila Jumamosi.

Mkulima_Nyandira

Karibu fundi. Jumamosi hii kuna chainizi, karoti, njegere za maganda, kabichi moja ndogo kila kapu, vitunguu majani, na mnavu kidogo kwa atakayewahi. Njegere zimekomaa upande wa jua tu, kwa hiyo zitakuwa robo kilo, si nusu kama nilivyosema wiki iliyopita. Na naomba wa Segerea warudishe matenga, yapo kumi na moja huko na mianzi huku imepanda bei.